Bomba la Inox Juu ya Kaburi

Mke wangu tulimzika hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, vita ikiwa bado inawaka kule kwetu Uvira, Kongo. Kaburi la mama yangu lilishapotea kule; alama yake ilikuwa ubao, na hakubaki mtu wa kuuangalia. Hili la pili sikutaka lipotee. Njo neno moja lililokuwa bado linanisimamisha, maana mengine yote yalinichosha.

Mbele ya vita mi nilikuwa soudeur, fundi wa kuunga vyuma kwa moto, kwenye gesi ya ziwa Kivu. Ile gesi inanuka yai bovu, na inakula chuma ya kawaida mpaka inatoboka. Kwa hiyo mabomba yetu yalikuwa ya inox, chuma isiyoshika kutu. Lakini hata inox, ukiiunga kwa baguette, ule ufito wa kuchomelea, ya chuma ya kawaida, bomba linabaki jeupe, kiungo kinaoza. Chef wetu wa kazi alitukataza kabisa: kama hauna baguette yake, usiguse.

Basi nikashuka Lilongwe, nikazunguka karakana za Area 47 na sumaku mfukoni, maana inox nzuri haishikwi na sumaku. Ilishika kila chuma, loo! Mwishowe bomba moja la tangi ya maziwa likaikataa. Mwenye karakana, Mmalawi, aliposikia ni la kaburi akanipa bure, akataka hata kuniungia mkono wa msalaba. Nikatazama baguette zake. Zote za kawaida.

"Zikomo, achimwene," nikamshukuru kwa Kichewa chao. "Iache tu hivyo."

Nikachonga jina la mke wangu juu yake kwa tindo, nikalisimika bomba kaburini. Mdogo wake akaja juu.

"Shemeji, we iko na akili kweli? Dada alikuwa mukristu, unamuwekea bomba? Bantu batasema tulizika mupagani!"

"Nikiunga, itaanguka."

"Ianguke! Lakini ikuwe musalaba!"

Nilikaa chini palepale nikalia, mwanaume mzima.

Kesho yake alirudi na kijiti, akakikingamisha juu ya bomba, akakifunga kwa kipande cha kitenge. Mchwa wakakila. Akafunga kingine. Ikawa hivyo kila masika, huku misalaba ya chuma ya majirani ikiliwa na kutu hata majina hayasomeki.

Sasa shemeji amepelekwa kuishi ng'ambo pamoja na watoto wake, hatarudi. Bomba lingali jeupe, jina linasomeka vizuri. Kijiti chake cha mwisho kilianguka juzi. Leo asubuhi nimekata upindo wa shati langu, nikafunga kingine mwenyewe.