Nilitengeneza kalibu ya seva zetu za wachangia damu, Lunzewe ikabaki nje

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Haya ninayoandika sehemu kubwa nilikuwepo. Pale ambapo sikuwepo nitasema niliambiwa, na nitasema na nani. Mimi si msomi, niliishia kidato cha nne, na mambo ya seva nimeyajua kwa kusoma nyuzi za watu humu humu. Mtaalamu akiona kitu nimekiita kwa jina lisilo lake, anivumilie halafu anirekebishe.

Naishi Tinde, nina kibanda cha stationery na kutengeneza simu.

Huku kwetu tuna kikundi cha wachangia damu. Kimeanzia Shinyanga, kikashika Tinde na Isaka, kikavuka mpaka Geita na Runzewe kwenye machimbo. Utaratibu wake ni rahisi. Unatuma meseji: DAMU, kundi lako, mji wako. Umesajiliwa. Kituo cha afya kikikwama, muuguzi anatuma: OMBI, kundi, mji. Seva yetu iliyoko cloud inawatafuta watu wa kundi lile katika mji ule, inawatumia meseji waende. Hakuna app wala kitu kingine. Mchimbaji mwenye kitochi anaitwa sawa na mwalimu mwenye smartphone.

Aliyeijenga ni rafiki yangu, nitamwita Masalu. Alikuwa karani wa mizigo pale Isaka, lakini nyumbani kwake ni Runzewe, mke na watoto wako kule. Seva ile aliijenga kwa mkono, leo anaongeza hiki, wiki ijayo anarekebisha kile. Mimi alizoea kuniita nkoi, yaani rafiki, na alinifundisha kitu kimoja tu.

"Nkoi, ikizima iwashe. Ikigoma, nipigie."

Mwaka jana presha ikamchukua. Nikabaki na seva ambayo ikigoma hakuna wa kumpigia.

Na ikaanza kugoma kweli. Mfumo wake ulikuwa wa zamani, hauna updates tena. Kuna siku ilizimika, nikaifufua kwa kukisia, nikibandika maagizo niliyookota huku na kule. Ilichukua siku kadhaa. Siku zote hizo nilikuwa naomba Mungu asiumwe mtu. Sijui kama hiyo ni sala au ni uvivu.

Nikaomba ushauri kwa dada mmoja tuliyefahamiana jukwaani. Nitamwita Rehema, ni mtu wa Tanga, kazi zake za mifumo anazifanyia Mwanza. Akaniambia niachane kabisa na seva za kujengwa kwa mkono. Kuna tool, unaiandikia faili moja la maelekezo. Yenyewe inawasha mashine ya muda huko cloud, inaingia ndani, inasakinisha kila kitu ulichoandika, inaipiga mashine hiyo chapa ambayo wao wanaiita image, halafu inaifuta ile ya muda. Baada ya hapo ukitaka seva kumi, zote zinatoka kwenye image ile ile, zinafanana.

Nikamwambia, "Sasa dada, hiyo si ni kalibu."

"Karibu ya nini tena?"

"Kalibu. Ya kufyatulia matofali."

Alicheka mpaka nikatoa simu sikioni. "Ninyi Wasukuma na hizo L zenu! Mimi nikajua unanikaribisha ugali."

Tukacheka wote. Naliandika hili kwa sababu baadaye lilinirudia kichwani kwa namna nyingine.

Basi nikaanza.

Kwa wanaotaka kujua, faili lina sehemu tatu hivi. Ya kwanza wanaita source: unasema unaanzia mfumo gani, mashine ya ukubwa gani, eneo gani la cloud. Ya pili provisioner, ndiyo kazi yenyewe: sakinisha hiki, nakili faili hili, endesha skripti ile. Ya tatu build, inayoziunganisha hizo mbili. Unaanza na validate ikukague kama umeandika vizuri, ndipo unaamuru ijenge.

Mara ya kwanza ilikaa tu, inasema inasubiri SSH, ile njia yake ya kuingia ndani ya mashine. Kumbe mlango wa mashine ile ya muda sikuufungua. Kosa langu.

Mara ya pili ikaganda katikati. Niliilaumu cloud, nikalaumu mtandao wa Tinde, nikalaumu na umeme. Kumbe programu moja wakati wa kusakinishwa iliuliza swali, wewe uko upande gani wa dunia, na pale hakuna mtu wa kuijibu. Inabidi uweke noninteractive mwanzoni ili isiulize. Kwa hiyo mtandao wa Tinde nauomba radhi hapa, mara ile haukuhusika. Mara nyingine ulihusika.

Rehema alinionya mambo mawili nayapitisha kwenu. Usiweke password ndani ya kalibu, maana kila tofali litatoka na ufunguo wa nyumba. La pili, kabla ya kupiga chapa futa vitambulisho vya mashine, zile host keys na machine-id, la sivyo seva zote zitajiona ni mashine moja. Hata Kulwa na Doto walitoka tumbo moja lakini kila mmoja ana jina lake.

Mwisho ikakubali. Nikawasha seva mbili kutoka kwenye kalibu ile, moja ya upande wa Shinyanga, moja ya upande wa Geita. Nikahamisha orodha ya wachangiaji kutoka seva ya Masalu. Rehema akasema tufanye majaribio ya kutosha, na kweli tulifanya. Tukatuma ombi la Tinde, likafika. Isaka likafika. Shinyanga, Geita, yote yakafika.

Seva ya zamani nikaizima. Sikuifuta. Ningependa kusema ilikuwa busara, lakini ukweli ni kwamba niliona vibaya tu kuifuta kazi ya marehemu.

Sasa wakuu, hapo nilipotaja miji tuliyojaribu, rudieni kuisoma. Tinde. Isaka. Shinyanga. Geita. Hamna R, hamna L. Mimi sikuona. Rehema hakuona. Na sitaki mtu amlaumu Rehema, alikuwa anasaidia bure na miji ya huku niliichagua mimi.

Mchana mmoja niko kibandani na simu ya mteja nimeifungua mezani, nikapigiwa na muuguzi wa kituo kimoja cha afya Runzewe. Nitamwita Sista Neema. Hakusalimia, na yeye ni mtu wa salamu.

"Kaka, mashine yako imelala?"

"Hapana sista. Kuna nini?"

Kulikuwa na mama amejifungua, damu haikatiki. Mumewe mchimbaji, wametoka Singida, hawana ndugu pale wa kuchangia. Kundi lake kwenye friji halipo. Gari la wagonjwa limeondoka na mgonjwa mwingine. Sista alituma ombi kama siku zote, na siku zote watu huanza kuingia getini kabla hajamaliza kuandaa mifuko. Leo geti liko kimya.

Nikafungua laptop. Seva inafanya kazi. Ombi limepokelewa. Imetuma.

"Sista, huku inaonyesha imetuma."

"Imetuma kwa nani?"

Swali hilo nimelala nalo siku nyingi.

Nikaangalia kwa nani. Walikuwa watu wachache mno, na majina yote ya wageni: Wachaga, Wahaya, mmoja wa Mbeya. Mmoja alishajibu kwamba yuko Kahama. Wenyeji, wale wanaokuja na baiskeli na jembe bado liko begani, hata mmoja hayumo. Nikawaza nimepoteza orodha wakati wa kuhamisha. Nyuma ya simu namsikia mwanaume anauliza, "Wanakuja? Sista, wanasemaje, wanakuja?" Sista anamjibu, "Subiri baba, tunaongea nao."

Tunaongea nao. Alikuwa anaongea na mimi.

Nikaifungua orodha yote, nikaishusha kwa kidole. Na hapo nikawaona. Wapo wote.

LUNZEWE. LUNZEWE. LUNZEWE.

Kila mtu alijisajili kama anavyosema kwao. Hata vibao vya maduka pale mjini havijakubaliana, huyu kaandika kwa R, huyu kwa L, na hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo. Sista aliandika RUNZEWE kwa R. Kalibu yangu ikatafuta R, ikakuta wageni tu, ikaridhika.

"Sista, tuma tena. Andika kwa L."

"L ya nini?"

"Lunzewe. Andika kama bibi anavyosema."

Nikasikia batani za simu yake ya pili.

Kuanzia hapa nasimulia nilichoambiwa na Sista Neema, mimi nilikuwa Tinde nimekaa na laptop kama mtu aliyefiwa.

Anasema wa kwanza kufika alikuwa fundi baiskeli, mikono ina grisi. Akafuata mama muuza dagaa. Wakaja vijana wawili wa machimboni na vumbi lao, mmoja akimtania mwenzake, "Wewe damu yako si gongo tupu, watamlewesha mgonjwa," mwenzake akimjibu, "Basi ataamka anaimba." Sista anasema ndiyo mara ya kwanza siku ile yule mume alitabasamu. Wakapimwa, wakachaguliwa waliofaa, mama akaongezewa damu.

Katikati ya watu wale akaingia mwanamke amejifunga kanga, ameshika simu ndogo ya batani. Wenzake walikuwa wanataja majina yao, yeye akainyoosha ile simu.

"Mwadila," akasalimia. "Mwenye namba hii ameitwa. Hawezi kuja. Nimekuja mimi."

Alikuwa Mama Kulwa, mke wa Masalu.

Masalu alijisajili kwenye mfumo wake mwenyewe kama mtu mwingine yeyote, kwa L. Na mkewe tangu msiba hakuwahi kuizima ile laini.

Sista akampima. Damu yake haikuoana na ya yule mama. Akamwambia, na Mama Kulwa akasema, "Basi niandikeni na mimi, msije mkamtafuta yeye peke yake."

Yule mama alipona. Niliambiwa jioni, na nilimpigia mumewe kesho yake nikathibitisha. Lakini lazima niseme pia kwamba zile dakika za geti kuwa kimya zilikuwepo, na damu ile iliyomwagika ilimwagika. Kupona kwake hakuzifuti.

Siku iliyofuata nikaiwasha seva ya Masalu. Nilitaka kujua ilikuwaje miaka yote ile sista anaandika R na wenyeji wanakuja. Nikakuta skripti moja ndogo, imekaa mahali ambapo sikuangalia nilipokuwa naandika maelekezo ya kalibu. Kazi yake mstari mmoja. Kabla ya kutafuta mji, inageuza kila R kuwa L, kwa anayeomba na kwa aliyesajiliwa. Wote wanakutana kwenye L.

Nilikaa nikiutazama mstari ule. Sisi shuleni L ilipigiwa fimbo. Tulisimamishwa mbele tukarudia "karibu, karibu" mpaka darasa likachoka kutucheka. Masalu naye alipita huko huko. Angeweza kugeuza L zote kuwa R, kompyuta isingejali. Aligeuza R kuwa L.

Labda alikuwa na maana. Labda ni batani iliyokuwa karibu na kidole. Nisimpe marehemu maneno ambayo hakuyasema.

Nimeuingiza mstari ule kwenye provisioner, na juu yake nimeandika maelezo kwamba ni kazi ya Masalu wa Lunzewe. Nimeongeza na jaribio: kalibu ikishajengwa, inatuma ombi kwa R na kwa L, na majibu yasipolingana build inakataa. Sasa kila seva itakayozaliwa itazaliwa nao, hata nikiondoka mimi.

Nilichojifunza mimi, na labda wenye elimu mlishakijua: maelekezo ya kalibu unayaandika kutokana na unachokijua, lakini seva ya zamani inaendeshwa pia na vitu alivyovijua mtu mwingine. Kabla hujaizima, itazame kama unavyotazama shamba la mtu aliyehama. Kuna mti uliachwa katikati kwa sababu. Na ukijaribu, usijaribu kwa majina mepesi.

Jambo moja linanisumbua na ndilo nililoletea uzi. Namba ya Masalu bado imo kwenye orodha. Kiutaratibu inatakiwa ifutwe, meseji haina haja ya kwenda kwa asiyeweza kuja. Nilimpigia Mama Kulwa nikamuuliza kwa adabu zote. Akasema, "Shemeji, iache. Ikilia najua kuna mtu anahitaji, na mimi nina miguu."

Sijaifuta. Sijui kama nimefanya haki kwa wagonjwa au nimemfurahisha mjane. Mwenye uzoefu aniambie mngefanyaje, na kama seva yako ina kitu kilichowekwa kwa mkono na mtu ambaye hayupo tena, kiandike hapa chini tukijue.

Nirekebisheni popote nilipokosea, ila Lunzewe msiirekebishe.

Wabeja, asanteni.