Kiboksi Kilichonunua Mtamba

Mama mdogo wangu Philomena alichunga ng'ombe miaka tisa na hakuwa na hata mmoja wa kwake. Naanzia hapo, maana watu wa Katesh wanamjua kwa kile kiboksi cha rangi tu, wanadhani alizaliwa amekishika.

Alikulia Hirbadaw. Baba yake, mzee Tluway, hakupata mtoto wa kiume, kwa hiyo Philomena akatolewa shule darasa la tatu akapewa fimbo. Kundi lenyewe halikuwa lao. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anawagawa kwa jamaa na marafiki wamtunzie, ili ugonjwa ukiingia boma moja, wa maboma mengine wapone. Mzee Tluway alikuwa anatunza wa nyumba sita. Maziwa walikunywa, samadi walimwaga shambani, lakini ng'ombe walikuwa na wenyewe. Wengine walikuwa wa nyumba mbili kwa pamoja, wengine wa ndugu watatu. Philomena akiwa na miaka kumi alitakiwa amjue kila mmoja kwa rangi yake na kwa mkato wa sikio, na mwenyewe akija jioni kuuliza, amwonyeshe wake bila kusitasita. Hakuwahi kukosea. Hilo bibi mpaka leo analisema.

Mimi nimemjua akiwa mtu mzima, anauza mitumba kwenye minada, anakaa na sisi Jorodom. Nilipoacha shule darasa la nne nikawa wa kumkunjia nguo. Ukikunja nguo huhitaji kuongea, unaangalia tu.

Kiboksi tulikipata ndani ya mfuko wa koti, kwenye belo la nguo za watoto kutoka Arusha. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa na miaka mitano hivi, na lami ilikuwa bado haijafika Katesh. Kina pande sita, kila upande vipande tisa, na kila tabaka linazunguka. Kilikuwa kimevurugika, kijani imekaa na njano, nyekundu imekaa na nyeupe. Mama akasema ni cha watoto, kitupwe ndani ya fungu la mia mia. Mama mdogo akakizungusha mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa sweta.

Alikaa nacho miezi kumi. Alikizungusha akingoja ugali uive, akingoja wateja, akingoja mahubiri yaishe.

"Mtu wa miaka thelathini na mbili anacheza na mdoli," mama akamwambia.

"Sichezi, dada. Kuna kitu nakitafuta."

"Kitafute kwenye jiko, maharage yanaungua."

Siku moja tunamenya viazi akanionyesha. "Hivi vya katikati havihami," akasema. "Nyeupe inatazamana na njano siku zote, hata ufanye nini. Haya ndiyo maboma, yako sita. Vyenye rangi mbili ni ng'ombe wa nyumba mbili. Hivi vya kwenye pembe, vyenye rangi tatu, ni wa ndugu watatu. Sasa kazi ni kumrudisha kila mmoja kwao."

"Mbona ukimrudisha mmoja, mwingine anatoka?"

"Ndiyo watu wanaposhindwa. Wakipanga upande mmoja wanaona huruma kuuvunja. Ukitaka kumwingiza ng'ombe kwenye zizi lililojaa, si unawatoa kwanza wawili wa mlangoni? Unawatoa, unamwingiza, halafu wale wawili unawarudisha kwa njia ileile waliyotokea. Ukipita njia nyingine umepoteza wote."

Nikamwona anavunja upande mweupe aliokuwa ameupanga vizuri kabisa. Vidole vikaenda, vikarudi. Upande mweupe ukarudi mzima, na chini yake kulikuwa na kipande kingine kimekaa mahali pake. Hakuna mtu aliyemfundisha. Mpaka mahindi ya mwaka ule yanavunwa, alikuwa anakipanga chote kwa dakika mbili na kidogo.

Pesa ilianza kwa bahati. Mnadani mwanamume mmoja alikishika, akakivuruga, akasema akimwona mtu wa kukirudisha atampa mia mbili. Mama mdogo akakirudisha, akapokea mia mbili yake, akaitazama kwa muda. Mnada uliofuata aliweka sheria: lipa mia mbili, changanya utakavyo, saa ya mkononi ishikwe na yeyote. Dakika tatu zikipita hajamaliza, unachagua nguo moja bure. Watu walikuja. Walikuja vijana wa mjini, wakaja wachungaji wa Kidatoga na mashuka yao meusi na fimbo, wanacheka kabla hata hajaanza, wanaomba kukishika akimaliza. Mnada mmoja wateja ishirini, mwingine thelathini. Hakuwahi kutoa nguo hata moja.

Pesa ile hakuichanganya na ya mitumba. Aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na mimi peke yangu ndiye niliyejua ya nini. Mzee Gidamis, Mdatoga anayechunga chini ya mlima, alikuwa na mtamba mwekundu, jike ambaye hajazaa bado, mwenye baka jeupe ubavuni. Mama mdogo alimwona mara moja, akazunguka naye mzee kwenye bei nusu siku nzima. Mzee akakubali kumshikia mpaka mnada wa Agosti.

Siku hiyo ya Agosti tulikuwa tumebakiza elfu sita. Asubuhi na mapema mzee Gidamis akaja na mtamba kwa kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wako huyu hapa. Lakini kuna mtu wa lori la Arusha anamtaka, na pesa yake iko mkononi. Anapakia saa tisa. Mimi nilikupa neno langu mpaka leo. Saa tisa leo inaisha."

"Saa tisa utanikuta na pesa yako, mzee."

Mteja wa kwanza alikuwa Felician. Huyu anauza sufuria, meza yake ilitazamana na yetu, na tangu kiboksi kije watu walikuwa wanampa mgongo siku nzima. Alizoea kumchokoza mama mdogo kwa maneno.

"Mwalimu wa rangi," akasema, "leo nimekuja na mia mbili yangu ya halali. Ila mimi nachanganyia kwenye meza yangu, usije ukaniloga."

"Changanyia hata kwa mganga," mama mdogo akamjibu. "Mia mbili ni mia mbili."

Alikaa nacho nyuma ya sufuria kidogo, ametugeuzia mgongo. Alipokirudisha mama mdogo akaanza. Dakika ya kwanza upande mweupe. Ya pili akapanda juu. Nami nilikuwa nimeanza kukunja suruali nyingine nilipoona vidole vyake vimesimama. Sikuwahi kuviona vimesimama. Akarudia njia ileile, akatoa, akarudisha. Vipande vyote vilikuwa nyumbani isipokuwa pembe moja, ile ya nyeupe, nyekundu na kijani. Ilikuwa mahali pake kabisa lakini kila rangi imetazama kwa jirani.

"Dakika tatu," akasema aliyeshika saa.

Felician hakungoja. Akalitoa lile koti la sufu tulilolitundika mbele, zuri kuliko nguo zote tulizokuwa nazo, akalivaa juu ya shati lake. Watu wakacheka. Mara mikono kumi ikanyooshwa na mia mbili, kila mtu anataka nguo ya bure.

Mama mdogo akakificha kiboksi ndani ya khanga. "Hiki hakichezwi," akasema. "Kimeharibiwa."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Siku zote alipopokea hakikuharibika, mmoja akasema, leo kala hasara ndiyo kimeharibika. Mwingine akasema ni walewale wa karata tatu. Msimamizi wa mnada, mzee Agustino, akafika na kitabu chake cha ushuru kwapani.

"Nimeambiwa hapa kuna kamari."

"Shikamoo mzee. Hakuna kamari. Kuna mtu amechomoa kipande akakirudisha kimegeuka."

"Utajuaje?"

"Kwa kuzungusha, huwezi kukigeuza kimoja peke yake. Ukigeuza kimoja lazima na kingine kigeuke. Nimekizungusha zaidi ya mwaka, sijawahi kuona kimoja kinageuka peke yake."

"Hilo unalijua wewe. Sisi hatulijui."

Mzee Gidamis alikuwa amesimama pembeni na mtamba wake. Akanyoosha mkono, akakipokea kiboksi, akakisogeza karibu na jicho. Akapitisha ukucha kwenye ile pembe.

"Hapa pana jeraha," akasema. "Mwizi akimgeuza ng'ombe alama, kovu jipya haliwi kama la zamani."

"Kajeruhi mwenyewe huyo mama," Felician akasema ndani ya koti. "Ndivyo anavyokipanga kila siku, anavichomoa. Mnadhani ni akili?"

Watu wakageuka kumtazama mama mdogo. Nikaona limewaingia. Hata mimi, niliyemwona tangu kwenye viazi, nilijua akichukua kisu sasa akairudishe ile pembe, hakuna atakayemwamini tena.

Akachukua kisu cha kukatia kamba za belo hivyohivyo. Mbele ya wote akaibandua ile pembe, akaigeuza mara moja, akaibana ndani. Kikawa kizima, pande zote sita. Mtu mmoja akapiga mluzi wa dharau. Mama mdogo akampa mzee Agustino kisu, na kiboksi, na kopo.

"Shika vyote, mzee. Changanya wewe, halafu na wengine wanne unaowataka, kila mtu kwa zamu yake, mbele ya macho. Nitapanga mikono ikiwa juu. Nikishindwa hata mara moja, kopo ni la mnada, na mimi Katesh hamnioni tena na kiboksi. Lakini kila mmoja analipa mia mbili yake. Bure sipangi."

"Na kwenye kopo kuna nini?"

Mama mdogo akamtazama mtamba. "Kuna ng'ombe, mzee. Kasoro mguu mmoja."

Akapanda juu ya belo. Mzee Agustino alichanganya kama anayekamua nguo, kwa nguvu, ulimi nje. Mama mdogo akakiinua usawa wa uso wake, viwiko nje, kila mtu anaona kucha zake. Dakika mbili. Mwanamke muuza vitunguu akachanganya, dakika mbili na robo. Kijana wa baiskeli alichanganya muda mrefu mpaka akazomewa, na yeye akarudishiwa kizima. Wa nne mwenye saa mwenyewe. Hapo kwenye dakika ya pili mama mdogo akaushusha mkono mmoja, akaupangusa kwenye khanga, akaendelea. Alimaliza zimebaki sekunde chache. Sikuwa nimekunja nguo yoyote.

Wa tano mzee Agustino akamchagua mzee Gidamis. Akakigeuza mara moja tu, taratibu, akamrudishia.

"Mzee, changanya," watu wakamwambia.

"Nimempotezea mmoja. Mtu anayenunua ng'ombe wangu nimwonee kwa nini?"

Walicheka, na sasa walikuwa wanacheka upande wetu. Mama mdogo hakukubali. Akashuka kwenye belo akakirudisha kwenye mikono ya mzee kwa heshima, mikono miwili. "Naomba unichanganyie kama wengine, baba." Mzee akakivuruga kweli. Mama mdogo akakipanga kwa dakika mbili kasoro. Hakuwahi kwenda kasi hivyo kabla ya siku ile.

Mzee Agustino akamtazama Felician. "Umekaa na hicho kitu nyuma ya sufuria. Kisu huna, nionyeshe hizo funguo za kiunoni."

"Za nini tena?"

"Nionyeshe."

Kwenye ncha ya ufunguo mmoja kulikuwa na kipande chembamba cha karatasi nyekundu, ya rangi ileile iliyobanduka kwenye pembe. Felician akacheka peke yake. "Jamani, ulikuwa utani."

"Philomena," mzee Agustino akauliza, "hilo koti unauza bei gani?"

"Elfu nne."

"Basi utani wako ni elfu nne, Felician. Umependeza, usilivue."

Alilipa, na mama mdogo akaitia ile elfu nne kwenye kopo, maana koti lilikuwa limetoka kwa ajili ya kiboksi. Jua lilikuwa linawaka na alikaa na koti la sufu nyuma ya sufuria zake mpaka jioni, sijui kwa hasira au kwa kuona haya kulivua. Elfu moja ilitoka kwa wale watano, mzee Agustino akiwa wa kwanza kutoa. Mia nane za mwisho, ukitoa ile mia mbili ya Felician ya asubuhi, zililetwa na foleni iliyofuata, na mama mdogo alipiga kazi bila kunywa hata maji. Saa nane na nusu alimhesabia mzee Gidamis mkononi. Mtu wa lori alikuwa amesimama hapo hapo na kamba yake, akaikunja akaenda kutafuta mwingine.

Tukaenda meza ya vibali. Aliyeandika ni mzee Agustino huyohuyo.

"Ng'ombe mmoja, mtamba, mwekundu, baka ubavu wa kushoto. Kutoka kwa Gidamis. Jina la mwenye ng'ombe?"

"Philomena Tluway."

"Mimi nauliza mwenyewe, siyo aliyetumwa kumchukua."

"Mwenyewe ndiye mimi."

Akatikisa kichwa, siyo kwa ubaya, akaandika. "Kazi?" Hakungoja jibu, kalamu ilishaanza kuandika mfanyabiashara. Mama mdogo akaweka kidole juu ya karatasi.

"Andika mfugaji."

"Mfugaji wa ng'ombe mmoja?"

"Nimefuga wa nyumba sita, mzee, hakuna aliyeniandika. Huyu niandike."

Mzee Agustino akakata lile neno, akaandika lingine juu yake, akagonga muhuri. Mama mdogo akaisoma ile karatasi herufi kwa herufi, polepole, watu wa nyuma yetu wananung'unika. Kisha akachukua kamba kutoka mkononi mwangu. Nilitaka nimsaidie kuongoza, maana mtamba alikuwa mgeni wa mjini na anaogopa pikipiki. Akakataa. Tulipita katikati ya mnada hivyo, yeye mbele na ng'ombe wake, mimi nyuma na belo kichwani.