Kinyozi Alipiga Kikumbo Gari Lake

Na itangazwe kwa wote wenye masikio, na walioziba pamba wapigwe kiwiko: leo, uani kwake, kinyozi aitwaye Taratibu ananyanyua gari.

Jina alipewa na wateja. Ukikaa kitini kwake, akimaliza kunyoa upande wa kushoto, wa kulia umeshaota tena. Gari lake nalo limelala chini mno. Likipita juu ya kipande cha sigara, linakizima. Sasa linavuja oili, na jeki haiingii chini yake hata kwa kubembelezwa.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, bingwa wa kazi asizowahi kuzifanya, alikuwa keshatandika gunia, spana mkononi. "Nati moja tu, shemeji! Nyanyua, nikaze, tukale."

"Kaa pembeni kwanza."

Taratibu akalisogeza gari, magurudumu ya mbele yakapanda juu ya mbao mbili pana. Hapo jeki ikapita. Akavuta breki ya mkono, akabana magurudumu ya nyuma kwa kabari, akalinyanyua, akaweka stendi mbili za chuma, akalishusha likazikalia. Kisha akalaza tairi la akiba chini ya ubavu wa kulia.

"Dada!" shemeji akaita. "Mumeo anajenga ghorofa huku!"

"Mwache," mke akajibu dirishani. "Ukilaliwa na gari, mama atanidai mimi."

Shemeji hakusubiri. Akajilaza chali, akaanza kujipenyeza kichwa mbele. Taratibu akamkamata kifundo cha mguu, akamburuta nje kama mkeka.

"Bado sijalipiga kikumbo."

"Kwani limekutukana?"

Taratibu akarudi nyuma, akalisukuma kwa nyonga, kama mtu anayegombea nafasi kwenye benchi. Kimya. Akalisukuma tena. Kigae cha sakafu ya ua kikalia kra! Stendi ya kulia ikadidimia, na gari likashuka puu upande huo, juu ya tairi la akiba.

Mke akashika kichwa. "Hapo si ndipo tulipofukia lile shimo la maji machafu, tukapanga vigae juu?"

"Ndipo," Taratibu akasema. "Nilisahau."

Shemeji akapatazama pale ambapo kichwa chake kingekuwa. Sauti ikamtoka nyembamba, yenye adabu ambayo dada yake hakuwahi kuisikia. "Shemeji, kumbe wewe unaona yaliyofichika. Ulijuaje?"

"Sikujua. Mimi mwoga tu. Niletee mbao ya kuweka chini ya stendi."