Shangazi Aliyekuja Kuliliwa

Sitaapa, maana kwetu kiapo si kitu cha kuchezea. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa nyumbani Nyansurura, tena mchana kweupe. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikiyapanga vibaya mnisamehe.

Jicho langu la kushoto lilikuwa likitoa machozi lenyewe, miaka na miaka. Njia ya kuyapeleka puani iliziba. Sokoni Mugumu walinitania, "Mama Bhoke, leo umefiwa na nani?" Mwishowe nilifanyiwa upasuaji Mwanza, nikawekewa mrija mwembamba kutoka kona ya jicho mpaka ndani ya pua, ili njia isizibe tena. Nikaonywa: usipenge kamasi, usisugue jicho, ukipiga chafya achama mdomo. Mrija ukitoka, kazi imeharibika. Niliogopa hata kucheka.

Siku hiyo, nikiwa nimetoka tu hospitali, mume wangu Marwa na wifi yangu Ghati waliondoka asubuhi, wakasema wanakwenda Issenye kwenye mkutano wa kanisa. Nikabaki sebuleni peke yangu, pazia limeshushwa, bandeji jichoni.

Shangazi Robhi akaingia. Huyu ni dada wa baba, anakaa Issenye, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Hakupiga hodi. Nilifurahi kweli, nikasema, "Shikamoo shangazi." Hakuitika. Mtu aliyekuwa akinichapa nikisahau shikamoo, leo asiitikie? Nikadhani ni uchovu wa njia.

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Wenzako wote wamenililia," akasema. "Umebaki wewe."

Nikaona ni utani wake. "Shangazi, nimekatazwa kulia. Machozi yatashuka puani, nitapenga, mrija utoke. Nirudi kuchekwa sokoni?"

"Kwa hiyo hunililii?"

"Si leo. Ngoja nipone."

"Mimi sina muda wa kungoja upone. Basi machozi yako nitayabeba mwenyewe."

Akainuka. Akaingiza kidole gumba chini ya bandeji, akafuta kona ya jicho taratibu, kama alivyokuwa akinifuta tongotongo nikiwa mdogo. Kidole kilikuwa cha baridi, kina udongo. Niaminini, nilichoogopa wakati ule ni mrija tu. Nikafumba na lile jicho langu jingine, lililo zima. Nilipofumbua, hayupo.

Jioni waliporudi nikawaambia, "Mmepishana na shangazi. Hata uji hakunywa."

Ghati akakaa chini pale pale mlangoni. Marwa akasema, "Shangazi tumetoka kumzika."

Alikufa nikiwa bado hospitali. Walinificha, wakihofia nikilia nitaharibu jicho. Walinitakia mema, siwezi kusema vingine.

Tena kwa haki niseme: nilikuwa nimemeza dawa za maumivu. Marwa anasema niliota, labda nilisikia wanawake wakinong'ona nje juu ya msiba. Inawezekana. Bandeji ilikuwa na alama ya udongo mwekundu, na Ghati aliiona. Marwa anasema ni mikono yangu mwenyewe. Hilo pia linawezekana. Lakini mbona sikuwa nimegusa udongo tangu nitoke Mwanza?

Baadaye mrija ulitolewa, njia iko wazi kabisa. Ila jicho lile halitoi tone. Daktari anasema jicho kavu hutokea, akanipa dawa ya kudondoshea. Mchana namwamini. Nilikwenda kaburini kumlilia shangazi, nikamlilia kwa jicho moja. Baba naye alipofariki, watu walitazama lile shavu langu kavu, wakaanza kuulizana. Siku hizi kwenye misiba hawaniachi nisogee karibu na jeneza, na mambo wanayonisingizia siwezi kuyaandika hapa.

Basi wewe mwenye mgonjwa nyumbani, usimfiche kifo cha mtu wake. Usipomwambia wewe, marehemu anaweza kuja kumwambia. Kaa naye, umshike mikono asijisugue, umwache alie. Mshono ukiachia, hushonwa tena.