Kopo la Mafuta ya Patasi

Asubuhi za Bondeni, mjini Nakuru, zilininukia mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Hayakuwa ya kupikia wala ya nywele. Baba yangu alikuwa seremala, na mafuta hayo yalikuwa ya jiwe lake la kunolea. Babu alimfundisha huko Lamu kwamba patasi hainolewi kavu, lakini babu hakuijua baridi ya Nakuru. Kufika saa moja asubuhi mafuta yalikuwa yameganda chupani kama samli, na kabla Baba hajanoa patasi ya pili yalikuwa yameganda tena juu ya jiwe. Alijaribu kila kitu. Maji yalileta kutu. Mafuta ya taa matupu yalikuwa mepesi mno, yalikauka upesi. Ya simsim ndiyo yaliyomtia wazimu, maana baada ya wiki yaligeuka gundi, akashinda siku nzima akilisugua jiwe kwa brashi huku Mama akimcheka kwamba ameoa mke wa pili, tena mgumu.

Nilikuwa na miaka kumi, katikati ya miaka ya hamsini, Baba alipopewa kazi ya kuchonga mimbari ya msikiti wetu, iwe tayari kabla ya Maulidi. Hakuwahi kupewa kazi kubwa kama hiyo. Alipunguza usingizi, alipunguza na chakula, na kila patasi ilipokuwa butu alikunja uso kama anayeumwa jino. Ijumaa moja jioni, Baba alipokwisha sali alasiri, akaja rafiki yake Kiprono, fundi wa shamba la mzungu mmoja huko Gilgil. Alileta kopo la bati lenye mafuta meupe.

"Fundi, wacha kusumbuka na nazi," akasema. "Hii ndio sisi tunatumia huko kwa shamba. Unachanganya na mafuta ya taa kidogo, basi."

Baba alijua kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini za Kizungu hakuzijua. Mimi ndiye niliyekuwa shule. Akanigeuzia kopo. "Mwanangu, pameandikwaje hapo?"

Zilikuwa herufi nne nyekundu. "Ladi," nikasoma kwa sauti, nikijiona msomi. Maana yake sikuijua, wala sikusema kwamba siijui. Baba akacheka, akasema hata jina lake ni zuri. Alichanganya, akanoa, na patasi ikaingia kwenye mvule kama kisu kwenye papai. Sikuwahi kumwona na furaha ile.

Jumatatu mchana nilimwuliza mwalimu wetu wa Kiingereza. Akaniambia niliandike neno ubaoni, akalitazama. "Ni mafuta ya nguruwe. Wazungu hukaangia mayai. Umeliona wapi?"

"Dukani," nikasema.

Nilirudi nyumbani nimeshajipanga kusema, nikamkuta Baba anachonga mkono wa ngazi ya mimbari, maua madogo madogo, anaimba. Nikanyamaza. Nikajiambia nitasema baada ya magharibi, kisha baada ya isha, kisha kesho. Niliogopa kwamba mimbari haitamalizika na watu watamcheka. Niliogopa zaidi kwamba atanitazama na kukumbuka ni nani aliyesoma. Usiku nilimwona anamega ugali kwa mikono ile. Kila adhana ilinipiga kifuani, kwa sababu nilijua anakwenda kusimama mbele ya Mungu na najisi vidoleni, na aliyejua ni mimi peke yangu.

Jumatano alasiri alikuwa ameinama na birika, anataka kutawadha. Nikamshika mkono. "Baba, usitawadhe. Ile ladi ni nguruwe."

Hakupiga kelele. Aliweka birika chini polepole. "Umejua lini?"

"Juzi."

Alinitazama, na afadhali angenichapa. Kisha akaosha mikono, patasi na meza mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Jiwe lilikuwa limeshakunywa yale mafuta, halikuosheka, akalizika nyuma ya nyumba. Mkono wa ngazi aliung'oa na kuanza upya kwa jiwe la kuazima na maji, akifuta kutu kila jioni. Kiprono hakuambiwa kamwe. "Alitupatia kwa moyo safi," Baba alisema, na neno hilo lilitosha.

Lakini kabla ya yote hayo, alipokwisha kujiosha na kubadili nguo, alitandika mkeka akalipa sala zake. Nilisimama mlangoni nikihesabu. Zilikuwa ishirini na nne tangu Ijumaa. Kumi na nne za mwanzo zilitokana na ujinga wangu, na kwa hizo nilijisamehe zamani. Kumi za mwisho zilitokana na kunyamaza kwangu.

Sasa mjukuu wangu ana karakana yake Kiamunyi. Ananolea kwa mashine ya umeme, na asilolijua analiuliza kwenye simu, anajibiwa papo hapo. Namwonea wivu kwa hilo. Lakini kulijua neno kulinichukua dakika moja tu hata wakati ule. Kulisema kulinichukua siku mbili. Baba alizilipa sala zile kumi alasiri ile ile. Mimi bado.