Chumba cha Ndani Kabisa

Mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini na minne, vita vilinitoa Kivu na mke wangu, binti yetu mgongoni. Shule nilikomea darasa la tatu; kazi yangu ilikuwa kujenga. Kambini Tanzania tuliishi miaka mingi chini ya turubai. Turubai halina ndani: jirani akikohoa, wewe unamwambia pole. Mke wangu alisema neno moja tu: "Siku moja nitasali bila kusikilizwa."

Kisha tukapelekwa ng'ambo, kwenye vyumba vya kupanga vya Vickery Meadow; huko nako, mlango ukifunguka mgeni anaona mpaka sufuria. Nikabeba maboksi ghalani, nikanunua nyumba mji wa jirani, Garland. Loo, nayo sebule, jiko, meza, vyote uwanja mmoja! Mke wangu akawa anatoka kwenda kusali ndani ya gari.

Nikasema najenga ukuta. Binti, sasa muuguzi Houston, akapiga simu. "Papa, huku watu wanabomoa kuta, wewe unajenga? Utaiharibu nyumba." Hati ya nyumba ina jina lake pia. Akikataa, hakuna ukuta.

Tulipokwenda kumtembelea, akatupeleka makumbusho kuona vitu vya Misri. Palikuwa na mfano wa hekalu ndani ya kioo, umekatwa ubavuni. Nikainama. Lango kama mlima, kisha uwanja wa jua, kisha nguzo nene zenye vichwa vya maua. Halafu kila ukiingia sakafu inapanda, dari inashuka, mwanga unapungua, mpaka chumba kidogo cha giza cha mungu wao. Miungu yao siitaki. Mjenzi wao nilimwelewa.

Binti akatusomea habari za picha za ukutani. Kuta za nje, mfalme amechongwa ndani sana ili jua limtie kivuli, anapiga maadui rungu. Za ndani, ametokeza kidogo tu juu ya jiwe, anapeleka mikate.

"Kama baba yako," mke wangu akasema. "Nje rungu, ndani mikate."

Tukacheka. Kisha akagusa kioo, pale penye chumba kidogo. "Hawa walikuwa na ndani."

Binti akamtazama. "Mama, wewe unasali wapi?"

"Kwenye gari."

Akanigeukia. "Papa, jenga."

Akaja Garland mwenyewe, akashika mbao nikipiga misumari.

Leo nina nyumba moja. Gari moja, la kwendea kazini tu. Nyundo. Mke yule yule. Binti mwenye kichwa kigumu kama changu, namshukuru Mungu. Na chumba kidogo kisicho na dirisha, ambacho hata mimi niliyekijenga siingii bila hodi, mke wangu akisali.