Bonasi ya Majani Chai na Ile Sifuri ya Kijani

Admin, nifiche tafadhali, mume wangu na watu wa kanisa letu wako kwa hii page. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, tunalima majani chai upande wa Chepseon. Msichana wetu Chebet amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na tulikubaliana bonasi ya mwaka huu kutoka kiwanda cha chai yote ni yake. Inaingia wiki ijayo kwa akaunti yangu, kwa sababu shamba mama mkwe aliliandikisha kwa jina langu.

Shida ni ruleti. Mume wangu anaicheza kwa simu: gurudumu linazunguka, kampira kanarukaruka, mnangoja kaangukie namba gani. Ananifundisha kama mwalimu. "Ukiweka nyekundu ama nyeusi, inarudi mara mbili. Ukishika kundi la namba kumi na mbili kwa pamoja, mara tatu. Lakini namba moja pekee, Mama Chebet, hiyo ni zaidi ya mara thelathini." Historia pia anayo. Ati ilitoka Ufaransa, ati mtaalamu fulani huko alitafuta gurudumu lisilosimama, akashindwa, watu wakapata mchezo. Nikamwambia halijasimama, liko hapa jikoni kwangu linazunguka.

Yeye huweka sifuri tu, kwa sababu ndiyo peke yake ya kijani. "Kijani imetulisha tangu babu. Unataka niamini rangi gani?" Nilimweleza hiyo ni ya mwenye mchezo, kampira kakianguka hapo wa nyekundu na wa nyeusi wote wanalia. Akacheka. Pesa ya maziwa ikaenda, ya mbolea ikaenda. Nilikasirika mpaka nikahamia chumba cha Chebet.

Halafu mwezi uliopita kampira kakaangukia sifuri. Akanunua tangi la maji na viatu vyangu vya kanisa, na pasta akatuombea tuzidi kubarikiwa. Mimi niseme nini hapo?

Sasa anataka bonasi yote iwekwe kwa kijani, mara moja, ati Chebet asome mpaka awe daktari. Nimekataa, hata mbele ya ndugu zake. Najua mtaniambia nisimame imara.

Lakini ngojeni. Jana asubuhi alipeleka maziwa akasahau simu. Nikaenda nayo kuchuma, nikaifungua nione tu. Nikaweka pesa ya sukari iliyokuwa humo kwa kijani. Ikaenda. Nikaweka tena. Niliposhtuka jua lilikuwa juu, majani yamepata joto yakaharibika ndani ya kikapu, na kule kituo cha kununulia majani yakakataliwa. Baba Chebet alinihurumia, akadhani naugua.

Tangu hapo situlii. Nikichuma naona kampira, nikiomba naona kampira. Akaunti ni yangu, namba ya siri ni yangu, na ninayemwogopa sasa si mume wangu. Wenzangu, hii bonasi ya mtoto nimpe nani anishikie kabla haijaingia?